Njaa Iliyoshuka Ziwani

Wiki moja baada ya kuniaga, nyie vijana wa kliniki ya mama na mtoto mlinifuata nyumbani na daftari jipya, mkasema niandike kazi ilivyokuwa zamani. Mkanipa na kalamu mbili, kana kwamba moja itachoka kabla yangu. Basi naandika. Vyeo sitavitaja, kwa sababu vilichelewa na havikuwa vingi, na habari za mshahara wetu mnazijua wenyewe. Nitakaa zaidi kwenye mwaka wangu wa kwanza, ambao sikuwahi kuwasimulia kwa kuogopa mngenipeleka kupimwa kichwa. Sasa nimestaafu, mnaweza kunipima.

Niliripoti Mbinga nikiwa na cheti, viatu vyeupe na jeuri ya kutoka chuoni. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka yaliyozoea kuwa na chumvi na viberiti tu yalianza kujaa sabuni za kila rangi, mitumba ikamwagika sokoni, na malori ya wafanyabiashara yakawa yanapanda mpaka vijijini kununua kahawa. Baadaye yakaanza kubeba na mahindi. Kwetu sisi wa afya ruksa ilikuwa haijafika. Glavu tulikuwa tunazifua na kuzianika kwenye kamba, na kila asubuhi tulizihesabu maana mbuzi walizipenda.

Nilikabidhiwa kwa Mama Ndunguru, muuguzi mfupi wa makamo ambaye hakuwahi kupaza sauti na hakuwahi kurudia jambo. Alikuwa mkuu wa kliniki ya mkoba. Wiki moja tulipanda Mapera na vijiji vya milimani, wiki inayofuata tulishuka mwambao wa Ziwa Nyasa, kisha tunaanza upya. Dereva wetu alikuwa Mzee Komba, na Land Rover yake ilikuwa na umri wa kuitwa shangazi. Siku ya kwanza kabisa, mtoto wa kwanza niliyemvalisha kaptula ya mizani na kumning'iniza alinikojolea viatu vyote viwili. Nilimtazama Mama Ndunguru nikitegemea pole. Akaniambia nimpime tena, kwa kuwa uzito umebadilika.

Mizani ile mnaijua, mpaka leo mnayo. Chombo ninachotaka kuwaeleza hamjawahi kukishika. Daktari mmoja wa mambo ya lishe alikuja kutoka Dar es Salaam kutufundisha kwa wiki moja, na alipoondoka alituachia kipimo cha unene wa mafuta chini ya ngozi. Kilifanana na koleo la fundi baiskeli lililofungwa saa juu yake, na akina mama hawakuchelewa kukiita koleo la mafuta. Unapima nyuma ya mkono, katikati ya bega na kiwiko. Unavuta ngozi kwa vidole viwili mpaka uhisi nyama imebaki nyuma, unabana, unahesabu moja na mbili, unasoma milimita. Unarudia mara tatu. Ukisoma mara moja tu ukaandika, umeandika uvivu wako.

Mama Ndunguru hakuwa na imani na kitu chenye springi. Alisema springi huchoka bila kuaga. Kwa hiyo aliweka utaratibu: kila tukifika Mapera, kabla ya kumpima mjamzito yeyote, nipime mkono wa mtu mzima mmoja, mwenye afya, yule yule siku zote. Namba yake ikibadilika, ujue koleo limeharibika. Mkono niliouchagua ulikuwa wa Skolastika, mama wa watoto watatu aliyekuwa akitupangia mabenchi kwenye ukumbi wa parokia. Alikuwa na mwili wa kazi na tabia ya kucheka kabla hujamaliza kusema. Namba yake ilikuwa kumi na nne. Wiki nenda, wiki rudi, kumi na nne. Tulimtania kwamba akifa tutauomba mkono wake serikalini.

Daktari yule, kabla hajaondoka, nilimuuliza swali lililokuwa likinisumbua kama binti wa Kianglikana wa ziwani aliyetupwa katikati ya Wakatoliki wa milimani. Kwaresima ilikuwa inakaribia, na wengine hufunga kweli kweli. Mwili unafanyaje? Alifurahi mno, nadhani hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu wiki nzima. Alisema mtu akikaa saa nyingi bila kula, sukari ya mwilini hupungua na mwili huenda kwenye akiba yake ya mafuta. Lakini hauendi hivi hivi. Ndani ya kila chembe ya mwili yamo maagizo tuliyorithi kwa wazazi, jeni, ambazo nyie mnaziita vinasaba. Maagizo hayo hayasomwi yote kwa wakati mmoja. Mengine yamefunguliwa, mengine yamefungwa, na njaa ni mojawapo ya vitu vinavyofungua na kufunga. Anayekula leo na kufunga kesho anaubadilishia mwili maagizo kila siku. Nikamuuliza kuhusu mapacha waliotoka yai moja. Akasema maagizo yao ni yale yale, ila yanayosomwa kwa huyu yanaweza yasisomwe kwa yule, kwa sababu kila mmoja anaishi maisha yake.

Niliuliza hivyo kwa sababu Skolastika alikuwa na pacha. Benedikta aliolewa kwa Wanyasa, kwenye kijiji cha mwambao kilichokuwa kituo chetu cha mwisho. Mara ya kwanza kumwona nilimsalimia kwa jina la Skola na kumuuliza amefikaje kabla yetu. Akacheka kabla sijamaliza. Koleo lilipokuja nikambana mkono, likasoma kumi na nne, na Mama Ndunguru akasema afadhali, sasa tuna mkono wa akiba.

Bene alikuwa na mimba ya miezi mitano. Hiyo ilikuwa ya tatu. Mbili za mwanzo zilitoka mwezi wa saba, zote mbili, na baada ya ile ya pili alivuja damu mpaka wakamwandalia sanda. Mkunga wa pale aliniambia pembeni kwamba hii ikitoka kama zile, atakwenda nayo. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Nilimwangalia Bene akitembea kurudi nyumbani kwenye mchanga, nikajiapia kwamba mwezi wa saba utampita nikiwa nimemshikilia mkono.

Wiki mbili baada ya Jumatano ya Majivu, Bene alisoma kumi na mbili. Nilipima mara tatu, kisha mara tatu nyingine. Nilimuuliza kama anakula. "Nakula, Nesi," akasema. "Nakula sana." Mama mkwe wake alithibitisha, tena kwa kunung'unika kidogo: ugali wa muhogo sahani mbili, usipa, yaani dagaa wa ziwani, samaki mbasa mzima, na bado anaomba ukoko. Tulimpima malaria, hana. Tukampa dawa ya minyoo. Tukachukua choo, mkojo, damu na makohozi, Mzee Komba akavisafirisha juu akilalamika kwamba gari lake si la kubeba vitu hivyo. Majibu yote yalikuwa safi. Wiki mbili tena, kumi.

Sijui kama nitaweza kuwaeleza ile hali. Mtu mgonjwa ana dalili zake, unazifuata mpaka unafika mahali. Huyu hakuwa na dalili yoyote, alikuwa anapungua tu. Tumbo lilikua mbele na mwili ulirudi nyuma, ngozi ya mkono ikawa nyepesi katikati ya vidole vyangu, na macho yake yalikuwa matulivu kabisa. Siku hiyo nilikaa naye wakati wa chakula cha mchana. Alikula polepole, kwa bidii, akitafuna kila kitu, amegeuza uso kuelekea milimani. Alimaliza sahani na kusogeza nyingine. Aliponiambia kwamba siku hizi anaamka mgongo unamuuma kama aliyelima ngolo kutwa, nikasema ni mimba.

Kwa wasiojua, ngolo ni yale mashimo ya Wamatengo kwenye miteremko ya milima. Nyasi hupangwa miraba, udongo unafunikwa juu yake, linabaki shimo katikati la kushika maji. Ni kazi ya wanawake na huangukia katikati ya Kwaresima. Hulimwa kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, na mwenye shamba ndiye hupika. Kukataa chakula chake ni kumtukana.

Tulipopanda tena Mapera, mama mmoja wa kikundi cha Skola aliniinamia kwenye foleni akaniambia nimwangalie mwenzao. Alisema Skola hali chakula. Siku moja anakula pamoja nao, siku inayofuata anapokea sahani yake, anajifanya anakula, kisha anawagawia watoto wa mwenye shamba. Ameanza Jumatano ya Majivu na hajaruka hata siku. Na bado analima kuwapita wote, wala halegei. Ndicho kilichowaudhi, nadhani, zaidi ya sahani.

Nilimtazama Skola akivuta benchi. Alikuwa amenawa uso na kujipaka mafuta, uso unang'aa, vile padre anavyowahimiza wafungaji wasijionyeshe. Nikauita mkono wake. Kumi na nne. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ningependa mlisome mara mbili. Niliamini koleo, sikuwaamini wanawake. Nikajiambia kwamba mtu hawezi kufunga siku moja na kula siku moja kwa wiki tano, akalima ngolo, asipungue hata milimita. Kwa hiyo anakula, na yule mama ana wivu. Nikafunga daftari.

Wiki iliyofuata tulishuka ziwani. Siku ile mawingu ya kungu, wale wadudu wadogo wa ziwani, yalikuwa yamesimama juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua, na hakukuwa na upepo. Bene alikuwa ameanza mwezi wa saba. Alisoma saba. Nilibana tena na tena mpaka ngozi ikawa nyekundu, na yeye hakuuondoa mkono. Mkunga alikuwa amesimama nyuma yangu.

Nikamuuliza Bene kwa mara ya kumi njaa yenyewe ikoje. Akasita. Kisha akasema, "Ina zamu, Nesi. Leo inakuja, kesho haiji. Ikija, hata nile vipi, naigusa juu juu tu."

Nikamuuliza jana ilikuja? Akasema ilikuja. Juzi? Haikuja. Nikaanza kuhesabu kwa vidole kurudi nyuma, mpaka zile siku nilizoelezwa kwenye foleni. Zililingana. Siku ambazo Skola hakula kule juu, ndizo siku ambazo Bene alisikia njaa huku chini. Nilihesabu upya nikitumaini nimekosea. Mama Ndunguru alikuwa akinitazama, nikamweleza kwa kunong'ona. Alisema kwamba yeye hajui hilo ni jambo gani, lakini gari lina mafuta ya kufika Mapera.

Kesho yake nilimkuta Skola shambani, ukungu umeshuka mpaka kwenye viuno vya wanawake, majembe yakisikika kabla ya watu kuonekana. Ilikuwa siku yake ya kutokula. Nilimwita pembeni nikamfungulia daftari, upande wake na upande wa ndugu yake. Kumi na nne, kumi na nne, kumi na nne. Kumi na nne, kumi na mbili, kumi, saba. Alikuwa amemaliza darasa la saba, hakuhitaji kusomewa.

Hakukana. Alisema ameweka nadhiri ya kumfungia Bene, leo anafunga, kesho anakula, tangu Majivu mpaka mtoto azaliwe. Hakumwambia mtu, hata mume wake. Nilimuuliza kama hakuona ajabu, kufunga hivyo na kulima hivyo, mwili usipungue. Akakaa kwenye ukingo wa shimo.

"Sijasikia njaa hata siku moja, Nesi," alisema. "Nilidhani ni neema."

Nikamwambia ale. Akatikisa kichwa. Alisema akivunja nadhiri mtoto atatoka, na Bene atatoka naye, na atakuwa amewaua wote wawili kwa tonge moja la ugali. Nikamwambia kwamba akiendelea, kuna mkono mmoja ziwani ambao safari ijayo hautakuwa na kitu cha kubana. Sikuwa na hakika. Nataka mjue hilo, maana leo mnaniita mzoefu: nilimlazimisha mtu kuvunja ahadi yake kwa Mungu nikiwa sina kitabu kinachoniunga mkono, nina namba nne tu kwenye daftari. Mwishoni alinawa mikono kwenye maji ya mvua yaliyotuama katika shimo, akaenda akafunua sahani yake ya ugali na maharage.

Tonge la kwanza alilimeza akilia. La pili vile vile. La tatu, njaa ikamfikia, yote kwa pamoja. Alimaliza sahani yake, akachukua ya jirani, akachukua na chungu. Wanawake waliacha majembe wakasimama kwenye ukungu, hakuna aliyecheka. Alikula mpaka chakula cha watu tisa kikaisha, kisha akaniangalia kwa hofu na kuniomba nisimwambie Bene kamwe. Nikaahidi.

Wiki mbili baadaye ziwani Bene alisoma tisa. Wiki moja baadaye Mapera, Skola, akila milo mitatu kwa siku, alisoma kumi na moja, na tuliposhuka tena Bene naye akasoma kumi na moja. Kuanzia hapo walikwenda sawasawa, huyu na yule, mpaka mwisho. Mwezi wa saba ulipita. Nilimwandikia yule daktari barua ya kurasa nne, nikimuuliza kama inawezekana maagizo yakafunguliwa katika mwili mmoja na kusomwa katika mwingine. Alinijibu kwa ukarimu kwamba niangalie springi. Mama Ndunguru aliisoma barua, akaikunja, akasema springi angeiangalia yeye mwenyewe. Aliibana mikono ya wafanyakazi wote wa wodi, akarudi akasema ni nzima.

Bene alijifungua baada ya miezi tisa kamili, mtoto wa kike, kilo mbili na nusu, nikimpima mimi mwenyewe. Safari iliyofuata tulimshusha Skola na Land Rover. Nilijua anakwenda kumwambia Bene mwenyewe, na nilimsihi kwenye kona ya mwisho aache kama lilivyo, mtoto yupo, mama yupo. Alitazama nje.

Tulimkuta Bene amekaa kwenye mkeka barazani kwa mama mkwe wake, mtoto akinyonya. Skola hakukaa, wala hakumtazama mtoto. Alisema akiwa amesimama hapo hapo kwamba aliweka nadhiri ya kumfungia, na kwamba aliivunja. Alikula. Kama mtoto angetoka, lingekuwa juu yake.

Bene alimtazama kama mtu anayesikia lugha asiyoijua. "Ulikuwa unafunga?" aliuliza.

"Leo nafunga, kesho nakula. Mpaka Nesi alipokuja."

Bene akaanza kulia. Alisema njaa ile aliijua ni ya nani tangu siku ya kwanza, maana tangu wakiwa watoto mmoja akikosa chakula mwingine alikuwa anajua. Alikuwa amesikia kwamba malori yamebeba mahindi yote ya milimani. Akadhani kwao Skola wanapika siku moja na kulala njaa siku inayofuata. Hakuniambia kwa kuogopa ningempa dawa, njaa ikatoweka, na ndugu yake akabaki bila mtu.

Alimwondoa mtoto kwenye titi akamnyooshea Skola ampokee.

"Nilikuwa nakula kwa ajili yako," alisema. "Kila siku uliyokosa, nilikula sahani mbili. Nikawa najiuliza mbona hushibi."